Dohani ya nyumbani: kupiga pointi, kuingiza bomba la chuma, kujenga upya au kuziba kabisa?

Anayeishi Lushoto, Njombe, Mufindi au Limuru hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba iwe na meko ukutani. Juni inapoingia na ukungu ukashuka hadi kwenye madirisha, sebule isiyo na moto haikaliki baada ya saa mbili usiku. Kinachostahili kuelezwa ni ile sehemu ya meko ambayo hakuna anayeitazama, yaani dohani: mnara mfupi wa matofali unaoanzia juu ya meko, ukapenya dari na bati, ukatokeza juu ya paa na kukaa huko ukipigwa na mvua na jua kutoka pande zote nne. Ukuta wa nyumba una paa la kuukinga. Dohani haina kitu. Ndiyo maana katika nyumba za matofali ya kuchoma, hasa zile za zamani ambazo matofali yake yalishikanishwa kwa chokaa, dohani huanza kuchakaa miaka mingi kabla ya ukuta wowote kuonyesha dalili.

Fundi akiitwa, hutoa moja kati ya majibu manne. Atasema viungo vya matofali vijazwe upya, kazi ambayo mafundi wengi huiita kupiga pointi. Au bomba la chuma liingizwe ndani ya dohani ya zamani. Au sehemu iliyo juu ya paa ibomolewe na kujengwa upya. Au meko yazibwe, maneno yaishe. Kila jibu lina mahali pake. Shida ni kwamba fundi hupenda kupendekeza kazi anayoijua, naye mwenye nyumba huchagua kwa kutazama bei, na ni nadra wawili hao kuanza kwa kuuliza dohani inaumwa nini. Ulinganisho huu unamlenga mwenye nyumba aliyekwisha kupewa makadirio mawili matatu yanayotofautiana kama mbingu na ardhi, na ambaye angependa kujua kila kiasi kinanunua nini.

Maji kutoka nje, moshi kutoka ndani

Dohani huharibiwa na vitu viwili, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Cha kwanza ni maji. Juu kabisa ya dohani huwa pana kofia ya zege. Kofia hiyo ikipata ufa, hata mwembamba kama uzi, maji ya mvua hushuka polepole ndani ya matofali, yakalainisha chokaa na kuiondoa chembe kwa chembe. Mlango wa pili wa maji ni pale bati linapokutana na tofali, ambapo lami iliyopakwa siku ya ujenzi hukaushwa na jua, ikakatika na kuachia. Huku kwetu barafu haipasui matofali kama ilivyo Ulaya, isipokuwa sehemu chache za juu sana, kama Kitulo, ambako sakitu huanguka. Lakini tunayo mimea. Ndege hutua juu ya dohani, huacha mbegu za mkuyu katika kinyesi chake, na mwaka unaofuata mche wenye majani matatu umekwisha kuingiza mizizi katika kiungo kilicholainika. Mapema, mche huo hung'olewa kwa vidole viwili. Ukiachwa hadi uwe mti, utatoka na matofali yake.

Cha pili ni moshi wenyewe. Kuni mbichi hutoa mvuke mwingi pamoja na gesi zenye lami, ambazo huganda zikigusa ukuta wa dohani uliopoa. Mwanzoni huwa masizi makavu yanayofutika kwa brashi. Yakizidi kurundikana huwa magamba meusi. Na hatimaye huwa utando unaong'aa, ambao brashi ya kawaida hupita juu yake bila kuukwaruza. Utando huo, uitwao kriosoti, huwaka kama mafuta. Siku ukishika moto, dohani hunguruma kama lori linalopanda mlima, joto ndani yake huweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na ukuta wa ndani uliokuwa mzima hupasuka. Watu huisingizia misonobari kwa sababu ya utomvu wake, lakini kosa kubwa liko kwenye unyevu: mlingoti uliokatwa jana ni mbaya kuliko msonobari uliopasuliwa na kuhifadhiwa chini ya paa kwa mwaka mzima. Kuni zinazofaa ni zile ambazo unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 20, nazo zikigonganishwa hutoa mlio mkali badala ya kishindo kizito.

Kabla ya kukubali bei yoyote, basi, inafaa mwenye nyumba afanye ukaguzi wa nusu saa. Achukue msumari wa inchi nne na kuchokoa viungo vya dohani akiwa darini, mahali pasipohitaji ngazi ndefu. Kiungo kizima hukwaruzika tu; kilichooza humwaga mchanga kama sukari kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Akiwa hukohuko darini, atazame kama kuna michirizi ya rangi ya kahawia kwenye matofali, ambayo ni alama ya maji, au madoa meusi kwenye viungo, ambayo ni alama ya moshi unaovuja. Alama ya pili ndiyo ya kutisha, kwa sababu panapopita moshi hupita pia joto linalokausha kenchi na papi miaka nenda miaka rudi hadi mbao hizo ziwe tayari kuwaka, na hupita kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kisha ashuke sebuleni, aweke kioo kidogo ndani ya meko na kumulika kwa tochi kuelekea juu. Masizi yakiwa yamefikia unene wa milimita 3, kazi ya kwanza ni kusafisha, maana hakuna fundi awezaye kuhukumu ukuta asiouona.

Pointi au bomba

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa zaidi, ilhali hazifanyi kazi moja hata kidogo. Pointi huzuia maji ya nje. Bomba hudhibiti moshi wa ndani. Mwenye dohani inayovujisha mvua akinunua bomba la chuma, atakuwa na bomba jipya ndani ya mnara unaoendelea kuoza. Mwenye dohani inayovujisha moshi darini akipiga pointi sehemu iliyo juu ya paa, atakuwa amepaka kaburi chokaa.

Kwa gharama, pointi ndiyo nafuu kuliko zote. Vifaa vyake ni patasi, nyundo, mwiko mwembamba, chokaa na mchanga uliochekechwa. Fundi mmoja na msaidizi wake huimaliza dohani ya kawaida kwa siku chache. Gharama yake kubwa huwa ni jukwaa la miti la kumfikisha fundi juu ya paa bila kukanyaga na kubonyeza bati. Viungo huchokolewa hadi kina cha milimita 20 au 25, vumbi hufagiwa, matofali hulowanishwa, na mchanganyiko hushindiliwa kwa tabaka badala ya kupakwa juujuu. Fundi anayepaka tu saruji juu ya kiungo kilichooza bila kuchokoa hajapiga pointi, ameficha ugonjwa, na kazi yake itabanduka kama ganda la yai.

Lakini unafuu huo una mtego, nami niliunasa mguu wangu humo. Nyumba ninayoishi ina matofali mekundu laini yaliyojengwa kwa chokaa, na fundi wa kwanza niliyemleta alijaza viungo kwa saruji na mchanga pekee, akavilainisha vikang'aa, nikamsifu. Baada ya misimu miwili ya mvua viungo vilikuwa vizima kabisa, lakini matofali yenyewe yalikuwa yakimeguka nyuso. Ukiitazama dohani kutoka uani ungeona mistari ya saruji imetokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na katikati yake matofali yameingia ndani kwa upana wa kidole. Sababu yake ni rahisi. Maji yaliyoingia kwenye tofali hutafuta njia ya kutokea, na chokaa huyapitisha. Saruji ngumu huyazuia, basi hutokea kwenye uso wa tofali, pamoja na chumvi zake, na uso huo humeguka. Kwa matofali laini ya zamani, mchanganyiko unaofaa ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Kwa matofali magumu ya siku hizi, saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 unatosha. Kanuni ya waashi ni kwamba kiungo kiwe laini kuliko tofali, ili kitakachokufa kwanza kiwe kile kinachobadilishwa kwa bei ndogo.

Bomba ni jambo jingine. Hutengenezwa kwa stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, na madaraja yanayotajwa zaidi ni 304 na 316, la pili likistahimili zaidi tindikali za moshi. Mabati ya kawaida yaliyopakwa zinki hayafai kuwa mbadala, hata kama fundi wa mabati ataapa kwamba amekwisha kuyaweka kwenye nyumba kumi, kwa kuwa moto mkali huharibu zinki hiyo na chuma kilichobaki hutobolewa na kutu mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Bomba jema likiwekwa katika dohani iliyonyooka, kazi huweza kwisha kwa siku moja. Linapata joto upesi, hivyo moshi hupanda kwa kasi na kriosoti hupungua. Na moshi hauna tena nafasi ya kupenya viungo kuelekea darini.

Swali ambalo wauzaji hawaliulizi ni bomba linahudumia moto wa aina gani. Njia ya moshi ya meko ya wazi inahitaji kuwa na eneo lisilopungua takriban sehemu ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Meko yenye mdomo wa sentimita 90 kwa 70 yana eneo la sentimita za mraba 6,300. Sehemu yake ya kumi ni 630, ambayo kwa bomba la mviringo ni kipenyo cha karibu sentimita 28. Bomba la kawaida la milimita 150 lina eneo la sentimita za mraba 177 tu. Ukilifunga kwenye meko hayo, moshi utakaoshindwa kupanda utarudi sebuleni, nawe utaanza kumlaumu fundi, kuni na upepo. Bomba la milimita 150 hufaa jiko la chuma lililofungwa mlango, lenye tundu la kutolea moshi la kipimo hichohicho. Kwa hiyo atakayechagua bomba, mara nyingi anachagua kwa wakati mmoja kuachana na meko ya wazi na kununua jiko la kufungwa. Jiko hilo hutumia kuni chache zaidi na hupasha chumba joto vizuri zaidi, lakini ni gharama ya pili ambayo makadirio ya kwanza huwa hayaitaji.

Nikilazimishwa kuchagua kwa ajili ya dohani ambayo ukuta wake wa ndani haujapasuka, ningechagua pointi bila kusita. Ukiwa umepasuka, pointi haimo kwenye mjadala.

Kujenga upya

Kubomoa hadi usawa wa paa na kuanza upya ni jibu la dohani inayoinama, au ile ambayo ukiisukuma kwa kiganja unahisi inacheza, au ambayo matofali yake mengi yamemeguka kama yangu yalivyokuwa yakielekea. Timazi likiteremshwa kutoka juu na likaonyesha kwamba mnara umehama, usidanganywe na pointi. Kujaza viungo vya mnara ulioinama ni kuuongezea uzito tu.

Ubora wake ukilinganishwa na kazi nyingine ni kwamba unarekebisha makosa ya mjenzi wa kwanza. Dohani nyingi huku zimejengwa fupi mno, zikifichwa na mgongo wa paa, ndiyo sababu upepo ukivuma upande fulani moshi hurudi ndani. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba mdomo wa dohani uwe angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea kwenye paa, na angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Huo pia ndio wakati wa kumwaga kofia ya zege inayotokeza sentimita 5 nje ya matofali, yenye mfereji mdogo chini ya ukingo wake ili tone la maji lidondokee hewani badala ya kurudi ukutani. Na ndio wakati wa kuingiza bati la maungio, lile linaloziba pale paa linapokutana na dohani, ndani ya viungo vya matofali likipanda kama vidato vya ngazi, badala ya kulibandika kwa lami inayodumu misimu michache.

Ubaya wake ni gharama, bila shaka, na ukweli kwamba haugusi chochote kilicho chini ya paa. Nimeona dohani mpya ya kupendeza imesimama juu ya shina lililooza darini.

Kuziba

Wengi hudhani kuziba ndiyo njia ya kujitoa kabisa katika gharama za dohani. Sivyo, maana mnara uliozibwa bado unanyeshewa, bado viungo vyake vinalainika, na sasa hauna hata joto la moto la kuukausha. Ukizibwa juu na chini bila tundu la hewa, unyevu hujifungia humo na kujitokeza kama madoa kwenye plasta ya sebule. Anayeziba inampasa aache tofali lenye matundu ya hewa chini, penye meko, na kofia yenye upenyo juu, tena upenyo huo uwekewe wavu mwembamba, kwa kuwa nyuki huupenda sana mnara mkavu usio na moshi. Kinachomaliza kweli gharama ni kuubomoa mnara hadi chini ya bati na kuezeka mahali pake.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Baridi haiondoki kwa sababu meko yamezibwa. Familia iliyoziba meko kwa kukwepa gharama, kisha ikaingiza jiko la mkaa sebuleni au chumbani na kufunga madirisha, imeondoa hatari ndogo na kuikaribisha kubwa kupita zote. Mkaa hauna moshi wa kuonekana, lakini hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na waliolala hawaamki kuihisi. Asiye na njia nyingine ya kupasha nyumba joto asichague kuziba, hata kama ndilo jibu la bei ya chini mwaka huu.

Wakati gani, na kwa nini si baadaye

Majibu haya manne hayamsubiri mwenye nyumba yakiwa yamepangwa mezani mwaka hata mwaka. Ufa wa kofia ya zege huzibwa kwa asubuhi moja. Mvua za misimu kadhaa zikipita ndani yake, inahitajika pointi. Zikipita zaidi, matofali yenyewe yamekwisha kufa na ni kujenga upya tu kunakobaki. Vivyo hivyo masizi makavu huondolewa kwa brashi ya waya yenye upana wa njia ya moshi na fito za kuunganisha, wakati utando wa kriosoti ukishashika moto mara moja huweza kumlazimisha mwenye nyumba anunue bomba ambalo mwaka jana hakulihitaji. Ukaguzi ni wa kila mwaka, na usafishaji hufuata unene wa masizi. Nchini Ujerumani jambo hili halikuachiwa hiari ya mtu, kwa kuwa msafisha dohani hufika kwa mujibu wa sheria. Huku kwetu hakuna anayebisha hodi, kwa hiyo tarehe lazima iwe kwenye kalenda ya nyumba yenyewe. Ile desturi ya kuwasha nyasi kavu ndani ya dohani kwa makusudi ili masizi yaungue ni kuuita moto uleule tunaoukimbia.

Kosa la kawaida ni kuita fundi Juni, siku moshi umerudi sebuleni. Wakati huo kila mwenye meko anamtafuta fundi huyohuyo, na zaidi ya hapo mchanganyiko wa chokaa unahitaji wiki kadhaa za kukomaa taratibu, ukilowanishwa na kufunikwa magunia mabichi, kabla ya kupigwa na moto. Lushoto na Limuru nafasi nzuri ni Januari na Februari, kati ya vuli na masika. Njombe na Mufindi, ambako mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, ni afadhali Septemba na Oktoba, baridi ikiwa imelegea na anga bado ni kavu.

Kwa dohani yangu, fundi wa pili alitumia siku nzima kuitazama kabla ya kutaja bei. Alichomoa tofali moja lililomeguka, akaligonga kwa mpini wa mwiko, likalia kama kibao kilichooza. Akachomoa jingine chini ya bati, likalia kama chungu. Akapendekeza kubomoa safu tisa za juu, kupiga pointi ya chokaa kwa zote zilizosalia hadi darini, na kuachana na wazo la bomba kwa kuwa ndani hapakuwa na ufa. Ilikuwa ghali kuliko pointi niliyolipia mwanzo na rahisi kuliko bomba nililokuwa nimeambiwa ninunue. Alimaliza katikati ya Februari, akafunika magunia, akaniagiza nisiwashe moto hadi yeye mwenyewe arudi na msumari wake wa inchi nne.